Kujifungua na Kuzalishwa: Historia Fupi ya Uzazi Bila Dawa Hospitalini

Walimu wenzangu wanajua kwamba Kiswahili kina vitenzi viwili kwa tendo moja la uzazi. Twasema mama amejifungua, na twasema pia kwamba amezalishwa. Katika kitenzi cha kwanza mama ndiye mtenda, na ile -ji- yatuonyesha kwamba tendo lake lamrudia mwenyewe. Katika cha pili mama ni mtendwa, na mtenda ni mkunga au daktari.

Hivi karibuni binti ya kaka yangu, ambaye ana mimba ya kwanza, alinijia akaniuliza: "Shangazi, nataka kuzaa hospitalini, lakini bila dawa ya kutuliza uchungu. Je, huo ni ujinga?" Sikumjibu papo hapo. Nilikumbuka kwamba mimi nami nilizaa kifungua mimba wangu hospitalini bila dawa yoyote, lakini sikuwa nimechagua. Hakuna aliyenieleza lolote, mama yangu alizuiwa mlangoni, na kila nilipolia niliambiwa ninyamaze. Je, jambo analolitaka binti huyu ndilo lililonipata mimi? Ili kumjibu ilinibidi kurudi katika historia.

Historia hiyo yaanzia Edinburgh, katika Uskoti, mwaka 1847. Mwaka huo daktari James Young Simpson alimtumilia mama mzazi etha, na miezi michache baadaye akaanza kutumia klorofomu. Baadhi ya watu walimpinga, wengine kwa sababu za kitabibu, wengine kwa kusema kwamba Maandiko yamemwekea mwanamke uchungu wa kuzaa. Lakini tarehe 7 Aprili 1853 Malkia Victoria wa Uingereza alijifungua mtoto wake wa nane akivuta klorofomu aliyopewa na daktari John Snow. Tangu hapo upinzani ulipungua sana.

Mwanzoni mwa karne ya 20 madaktari wawili wa Freiburg, Ujerumani, Krönig na Gauss, walieneza njia nyingine. Mama alidungwa mofini pamoja na skopolamini, akaingia katika hali iliyoitwa usingizi wa utusitusi. Dawa hizo hazikuondoa uchungu wote, bali zilimfanya mama asikumbuke yaliyompata. Tusiseme kwamba wanawake walilazimishwa tu. Mwaka 1914 wanawake wa Marekani, miongoni mwao wapigania haki ya kupiga kura, ndio walioidai njia hiyo kwa sauti kubwa. Lakini baadaye, hospitali zilipojaa, mama aliyepewa dawa hizo aghalabu aliachwa peke yake, pengine amefungwa kitandani asije akaanguka, na alipozinduka alikabidhiwa mtoto asiyekumbuka kumzaa. Huko Marekani, mwaka 1900, watoto waliozaliwa hospitalini hawakufika 5 katika kila 100; kufikia mwaka 1940 walikuwa zaidi ya nusu. Hapo ndipo neno kuzalishwa lilipotimiza maana yake yote.

Kinyume cha mwendo huo alitokea Mwingereza, daktari Grantly Dick-Read. Alisimulia kwamba alipokuwa kijana katika mitaa ya maskini ya Whitechapel, London, alimpa mama mmoja klorofomu, naye akaikataa. Baada ya kujifungua alimwuliza mbona ameikataa, naye akajibu kwamba hakuumia, na kwamba hakudhani ilikuwa lazima aumie. Jibu hilo halikumtoka akilini. Katika kitabu chake cha mwaka 1933 alieleza kwamba hofu huleta mkazo wa mwili, na mkazo huzidisha maumivu. Basi dawa ya kwanza ni kuiondoa hofu kwa mafundisho.

Daktari huyo alikuwa na kosa moja ambalo sisi wa Afrika tuna haki ya kulitaja. Aliamini kwamba wanawake aliowaona kuwa hawajaguswa na ustaarabu wa mjini huzaa kwa wepesi bila kuumia, naye alisafiri katika bara letu akiwatazama wazazi, akaandika habari hizo katika kitabu kilichotoka mwaka 1955. Angalijua Kiswahili, lugha yenyewe ingalimsahihisha. Wazee wetu wamenena kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na mama anapoanza kuzaa twasema ameshikwa na uchungu, au utungu kwa lafudhi ya Mombasa. Taifa lisilojua maumivu hayo lisingaliyatungia jina.

Wakati huohuo, katika Muungano wa Kisovieti, Velvovsky na wenzake wa Kharkiv walikuwa wakitumia mafundisho ya Pavlov juu ya mazoea ya ubongo. Walisema kwamba neno nalo ni ishara inayoweza kuuzoeza mwili, kama kengele ilivyowazoeza mbwa wa Pavlov. Mama aliyesikia tangu utotoni kwamba kuzaa ni maumivu, mwili wake hungoja maumivu. Mwaka 1951 serikali ya huko iliamuru njia yao ienezwe, na mwaka huohuo daktari Mfaransa, Fernand Lamaze, aliiona alipozuru Leningrad. Mwaka 1952 akaianzisha mjini Paris katika hospitali ya uzazi ya chama cha wafanyakazi wa vyuma.

Hapa ndipo mwalimu wa lugha hutega sikio. Wafaransa walizoea kuuita uchungu wa kuzaa kwa neno lilelile la maumivu. Katika masomo ya Lamaze neno hilo liliachwa, na badala yake wakasema mkazo, yaani kukaza na kulegea kwa mji wa mimba. Akina mama walifundishwa jinsi mwili unavyofanya kazi, wakazoezwa kupumua na kulegeza viungo, na waume wao wakaalikwa kujifunza nao. Tarehe 8 Januari 1956 Papa Pius XII alitamka kwamba njia hiyo haipingani na Maandiko. Mmarekani Marjorie Karmel, aliyejifungua Paris kwa njia hiyo, aliandika kitabu mwaka 1959, na mwaka 1960 yeye na Elisabeth Bing walishiriki kuanzisha chama cha kuieneza Marekani.

Hata hivyo njia hiyo nayo ilikuwa na dosari. Matokeo ya akina mama yalipangwa kwa madaraja, toka waliofaulu vizuri hadi walioshindwa, na aliyelia aliweza kujiona ameanguka mtihani. Sisi walimu twajua ubaya wa mtihani wa namna hiyo. Kubadili neno kwaweza kupunguza hofu, lakini hakufuti maumivu, wala mama aliyeomba dawa hakushindwa lolote.

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa mapendekezo yanayokusanya mengi ya hayo. Mama awe na mwenzi wa kumtegemeza, aliyemchagua mwenyewe. Aelezwe kila linalofanyika. Ahimizwe kutembea na kukaa wima badala ya kulala chali. Na akitaka kutulizwa uchungu, apewe njia inayomfaa, iwe ni kupumua na kulegeza mwili, iwe ni dawa.

Basi jibu langu kwa binti yangu ni hili. Si ujinga, lakini kukosa dawa na kuchagua kutoitumia ni mambo mawili. Mimi nilikosa; wewe chagua. Nenda kliniki mapema uulize kama mwenzi huruhusiwa kuingia, kama utaweza kutembea, na ni dawa zipi zilizopo endapo utabadili nia. Jifunze kupumua, na huyo atakayekaa nawe ajifunze pia. Usichanganye dawa ya uchungu na sindano ile inayotolewa mara mtoto azaliwapo ili kuzuia damu isitoke kwa wingi: hiyo usiikatae, maana huokoa maisha. Na hatari ikitokea, ukahitaji kupasuliwa, kubali bila aibu.

Alinisikiliza, kisha akaniuliza kama nitakubali kuwa mwenzi wake siku hiyo. Nimekubali. Miaka ile mama yangu alibaki nje ya mlango. Safari hii, tukiruhusiwa, mmoja wetu atakuwa ndani. Nanyi walimu, mnapofundisha viambishi na kauli za vitenzi, wapeni wanafunzi mfano huu wa kujifungua na kuzalishwa. Wengi wao watakuwa wazazi, na watafaa kujua mapema kwamba hata hospitalini, mbele ya daktari na mkunga, mama aweza kubaki mtenda.