Wanyamwezi na Njia ya Pembe, mwishoni mwa karne ya 18

Unyamwezi, nchi ya Wanyamwezi katika eneo la Tabora, Tanzania ya leo, ilikuwa na biashara ya masafa marefu na pwani ya Bahari ya Hindi. Wengi husema ilianzishwa na Waarabu wa Tabora. Si haki: walioifungua njia ni Wanyamwezi wenyewe, waliofika pwani kufikia mwaka 1800 hivi.

Kabla ya hapo walikwishazoea kubadilishana chumvi na majembe ya chuma na majirani. Kilichowavuta mbali ni pembe za ndovu. India ilizitaka kwa bangili, na Wareno walipopandisha ushuru Msumbiji, wafanyabiashara waligeukia Kilwa na Zanzibar. Oman nayo iliirudisha Kilwa mikononi mwake katika miaka ya 1780.

Mpagazi alibeba pembe begani. Iliyo nzito mno ilifungwa kwenye mti na kubebwa na watu wawili. Mwaka 1857 mpelelezi Mwingereza Richard Burton alikuta pembe za namna hiyo zimetundikwa kengele. Wapagazi waliporudi kutoka pwani walileta nguo, shanga na waya wa shaba nyeupe.