Uso wako ukiwaka, utaitwa mlevi: stori ya miaka 600

Wadau, wiki hii picha ya staa mmoja wa mjini, jina kapuni, imezunguka sana kwenye simu zetu. Hana filta, vipele vimejaa puani na mashavuni, ngozi kama imeungua. Maneno yakaanza: eti pombe kali, eti mkorogo umemkataa. Mimi sijui anaumwa nini, na kwenye picha hakuna anayeweza kujua. Ila hii tabia ya kumsoma mtu ulevi usoni ni ya kitambo sana.

Twende Uingereza, mwishoni mwa karne ya 14. Mshairi Geoffrey Chaucer, kwenye The Canterbury Tales, kamchora jamaa mmoja mtumishi wa mahakama ya kanisa. Uso mwekundu kama moto, vipele mashavuni, watoto wakimwona wanaogopa. Halafu anapenda vitunguu na divai kali, basi kesi imeisha! Baadhi ya madaktari wakimsoma leo wanasema huyo alikuwa na ugonjwa wa ngozi unaoitwa rozasia. Kinachonishtua mimi ni dawa zilizotajwa pale: zebaki, kiberiti, madini ya risasi. Hakuna hata moja iliyomsaidia. Na zebaki ni ileile ambayo mpaka leo inakutwa kwenye krimu za kujichubua. Miaka 600, bado tunaipaka usoni!

Miaka kama 200 baadaye Shakespeare akamleta Bardolph, mlevi mwenye pua nyekundu, wenzake wanamtania, ukumbi unacheka. Lakini Florence, kule Italia, mchoraji Domenico Ghirlandaio alishaonyesha kitu kingine karibu na mwaka 1490: mzee mwenye pua ya manundu, na mjukuu wake kamkumbatia, anamtazama usoni bila woga hata kidogo. Ipo Louvre, Paris. Itafute uiangalie, mimi inanigusa kila mara.

Pombe inaweza kuuamsha ugonjwa huu, sawa. Jua nalo linauamsha, pilipili, chai ya moto, stresi. Ila hata mtu ambaye hajawahi kuonja bia anaupata. Kwa sisi weusi ule wekundu unajificha, hivyo wengi wanaambiwa ni chunusi tu. Chunusi huwa na vile vidoti vyeusi. Rozasia haina, yenyewe inachoma na kuwaka katikati ya uso. Mtu anapaka krimu yenye steroidi, siku chache uso unatulia, anafurahi, akiiacha unalipuka kuliko mwanzo. Anarudi kwenye kopo. Hapo ndipo wengi wananasa.

Haiponi moja kwa moja, inatulizwa. Kuna losheni ya kukinga jua, sabuni isiyo kali, jeli ya metronidazoli, na krimu ya ivermektini ambayo Marekani iliidhinisha mwaka 2014. Watu wa Mahenge, Morogoro, wanaijua ivermektini vizuri, maana ndiyo vidonge vya usubi wanavyogawiwa. Ugunduzi wake uliwapa William Campbell na Satoshi Ōmura tuzo ya Nobel mwaka 2015. (Usije ukameza vidonge vya usubi kwa ajili ya uso, tafadhali! Hii ni krimu, na anayeiandika ni daktari wa ngozi.)

Staa wetu ameshaifuta ile picha. Naomba tu asiwe ameenda kununua kopo lingine.