Nani Huteua Hadithi? Ousmane Sembène na Historia ya Miswada ya Filamu

Katika uhakiki wa fasihi ya Kiafrika, filamu aghalabu huchukuliwa kuwa kivuli cha riwaya. Swali la kwa nini hadithi hii iliteuliwa kupigwa filamu na ile ikaachwa halijapewa uzito unaostahili. Makala haya yanalichunguza kwa kurejelea kazi za Ousmane Sembène wa Senegal (1923-2007), aliyekuwa mwandishi na mwelekezi kwa pamoja.

Sembène alikuwa kuli katika bandari ya Marseille kabla ya kuchapisha riwaya yake ya kwanza mwaka 1956. Mwaka 1960 alitoa Les bouts de bois de Dieu, kuhusu mgomo wa wafanyakazi wa reli wa 1947-48. Hata hivyo, wengi wa watu aliowaandika hawakuweza kumsoma, kwani aliandika kwa Kifaransa. Ndipo alipokwenda Moscow kusomea sinema.

Msomaji angetarajia kwamba mtunzi huyu angeanza na riwaya hiyo mashuhuri. Haikuwa hivyo. Borom Sarret (1963) ni filamu ya takriban dakika 20 inayomfuata mwendesha mkokoteni jijini Dakar kwa siku moja. Mgomo wa reli unahitaji umati, magarimoshi na fedha nyingi; mkokoteni unahitaji farasi na barabara. Uhaba, basi, ulikuwa mhariri wa kwanza wa Sembène, lakini haukumpunguzia ukali wa maudhui.

Mhariri wa pili alikuwa mfadhili. Wizara ya Ushirikiano ya Ufaransa ilikuwa na afisi iliyofadhili filamu za Waafrika. Afisi hiyo iliukataa mswada wa La Noire de..., uliotokana na hadithi fupi ya Sembène kuhusu mtumishi wa nyumbani Msenegali anayejiua nchini Ufaransa. Sembène aliitengeneza filamu hiyo kwa njia nyingine, na mwaka 1966 ikapata Tuzo ya Jean Vigo. Ni dhahiri kwamba anayekataa mswada naye ameteua: ameteua kitakachonyamaziwa.

Mandabi (1968) inaonyesha mvutano wa tatu, yaani lugha. Kwa kuwa ilipata fedha za Ufaransa, ilitengenezwa kwa matoleo mawili, la Kifaransa na la Kiwolofu. Toleo la Kiwolofu ndilo lililomfikisha Sembène kwa hadhira aliyoikusudia. Kisa hicho hicho kilimvutia Amandina Lihamba, aliyekigeuza kuwa tamthilia ya Kiswahili, Hawala ya Fedha (1980). Mateso ya maskini mbele ya makarani yalieleweka Dar es Salaam kama yalivyoeleweka Dakar.

Dola nayo haikukaa kando. Ceddo (1977) ilipigwa marufuku nchini Senegal kwa miaka kadhaa, sababu rasmi ikiwa tahajia ya herufi d mbili katika anwani yake.

Inabainika kwamba uteuzi wa mswada si suala la kipaji na mapenzi ya msanii pekee. Ni tokeo la mvutano baina ya hadhira, fedha, lugha na dola. Sembène alitamani kwa miaka mingi kutengeneza filamu kuhusu Samori Touré, akafariki kabla ya kuitimiza. Mhakiki anayechunguza filamu zilizopo pekee atakuwa amesoma nusu ya historia. Nusu ya pili imo katika miswada ambayo haikupata kamera.