Nyumba za Milimani: Kutoka Msonge hadi Bati

Wazee wetu wa Upare walijenga kwa kilichokuwa karibu: miti na fito, udongo, na nyasi au majani makavu ya migomba kwa kuezekea. Msonge ulikuwa chumba cha kulala, jiko, ghala na zizi kwa pamoja. Moshi ulipanda darini ukakausha mahindi na kufukuza wadudu wa paa. Baridi ya Mbaga na Chome haikupenya, maana moto na mbuzi vilikaa ndani na watu. Tusiusifu kupita kiasi. Macho yaliwasha na kikohozi hakikuisha.

Wamisionari Waadventista walifika Giti, Mamba, mwaka 1903. Reli ya kutoka Tanga ikapita Same na kufika Moshi mwaka 1911. Nyumba ya pembe nne yenye bati ikawa alama ya mtu aliyesoma, na kampeni ya nyumba bora ya miaka ya 1970 ikaizika misonge iliyobaki.

Leo tunajenga kwa tofali la kuchoma. Kila tanuri linakula kuni za milima hiihii, na msitu wa Shengena ndio unaolisha mito na ndiva zetu. Tukiumaliza, tutakuwa na nyumba nzuri zisizo na maji.

Tena Novemba 2009 maporomoko ya udongo kule Goha yaliua watu zaidi ya 20. Tangu hapo suala la nyumba kwetu si la urembo.

Ndugu zetu mlioko Dar es Salaam, Arusha na ng'ambo, nyumba ya mwalimu tunayotaka kuijenga imewaza hayo. Msingi ni wa mawe, kama matuta ya mashamba yetu, kwenye kiwanja kisichohitaji kukata mlima. Kuta ni za matofali ya kufungamana, udongo na saruji kidogo, yanayoshindiliwa bila kuchomwa. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba na Vifaa vya Ujenzi uliyahimiza. Paa limetokeza nje kukinga kuta na mvua, na mifereji yake inajaza tangi. Jiko liko kando. (Ndungu na Kihurio, kwenye joto, wangehitaji ramani nyingine kabisa.)

Mawe tunayo, na msaragambo umekubaliwa. Kinachokosekana ni saruji, bati na mashine ya kufyatulia matofali. Fomu ya ahadi iko ukurasa wa mwisho.