Mfuasi: Maana, Aina na Kazi Zake katika Uongozi

Mfuasi ni mtu anayekubali kwa hiari kuelekezwa na mwingine katika jambo linalowahusu wote wawili. Hiari ndiyo inayomtenga na mfungwa: mfungwa hutii, na kutii si kufuata. Cheo nacho hakitoshi kumtambulisha, kwani karani aweza kuwa chini ya meneja miaka kumi asimfuate hata siku moja.

Max Weber, mwanasosholojia wa Ujerumani, alionyesha kuwa karama ya kiongozi haidumu wafuasi wanapoacha kuitambua. Mmarekani Robert Kelley, mwaka 1988, aliwapanga wafuasi kwa vipimo viwili, fikra huru na bidii ya kushiriki, akapata aina tano: kondoo, akina ndiyo mzee, waliojitenga, bendera-fuata-upepo na wafuasi kamili.

Kiswahili cha Tanzania kina mpangilio wake, tena wenye makali zaidi. Mwanachama hujulikana kwa kadi. Mshabiki hushangilia bila kuwajibika. Mkereketwa ni yule ambaye jambo la chama humwasha mwilini. Vijiwe vyake huitwa mashina. Mpambe husimama ubavuni, awe wa bibi harusi au wa rais. Chawa, neno la mtaani, ni mfuasi anayeishi kwa kumsifia anayemlisha. 

Kazi za mfuasi ni kuhalalisha, kutekeleza na kusahihisha. Mbili za kwanza hazina utata. Ya tatu ndiyo humpima kiongozi, na mfano wake bora ni Mwongozo wa Februari 1971 wa TANU, chama tawala cha Tanzania Bara wakati huo. Ibara ya 15 ilimkataza kiongozi majivuno, anasa, dharau na uonevu. Chama kiliandika ibara hiyo kwa ajili ya viongozi. Wafanyakazi waliisoma kuwa haki yao. Katika viwanda vya Dar es Salaam waligoma, wakawafungia mameneja milango, malalamiko yao yakihusu matusi na unyanyasaji kuliko mshahara. Hapo tafsiri ya uongozi ilitoka kwa waongozwa, na ilikuwa sahihi kuliko ya wakubwa wengi.

Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel walikitwaa na kukiendesha wenyewe. Lakini baadhi ya waliojaribu kufanya vivyo hivyo kwingine walifukuzwa kazi.