Baraza ya Norfolk na Wenyewe

Ndugu zangu tuliosoma pamoja, na ninyi wanafunzi mlioko shuleni sasa, nimeombwa niandike habari za jumba moja la kale. Nimechagua hoteli ya Norfolk, Nairobi. Sikuwahi kulala humo. Lakini wengi wetu tuliiona tulipopelekwa kwenye mashindano ya michezo ya kuigiza katika ukumbi wa taifa. Tulisimama kando ya barabara tukila mkate mkavu, macho yote ng'ambo, barazani, ambako wageni walikuwa wakinywa.

Hoteli hiyo ilifunguliwa siku ya Krismasi, mwaka 1904. Wenyewe walikuwa Major C.G.R. Ringer na R. Aylmer Winearls. Reli ilikuwa imefika Nairobi miaka mitano tu kabla yake. Walowezi waliifanya baraza hiyo kilabu chao, na kwa kuwa miongoni mwao walikuwamo watu wa koo za kilodi, hoteli ikabandikwa jina la Nyumba ya Malodi. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, alifikia hapo alipokuja kuwinda. Mwafrika naye alikuwamo, lakini kama mpishi, dobi au mbeba sinia.

Mwaka 1922 baraza hiyo iliingia katika historia kwa njia nyingine. Harry Thuku, kijana aliyepinga kipande, kodi ya nyumba na kupunguzwa kwa mishahara, alikamatwa tarehe 14 Machi. Siku mbili baadaye umati ulikusanyika mbele ya kituo cha polisi, hatua chache kutoka hotelini, ukitaka aachiliwe. Mary Muthoni Nyanjiru aliwasuta wanaume kwa woga wao, umati ukasonga mbele, na askari wakafyatua risasi. Imeandikwa mara nyingi kwamba Wazungu waliokuwa barazani nao walipiga bunduki. Serikali ilihesabu maiti 21. Wengine walitaja idadi kubwa zaidi. Nyanjiru alikuwa miongoni mwa waliokufa.

Mwaka 1927 hoteli ilinunuliwa na Abraham Block, Myahudi mzaliwa wa Lithuania aliyefika nchini mwaka 1903 bila mali. Inasimuliwa kwamba hapo mwanzo alishona magodoro ya nyasi kavu na kuyauza. Jamaa yake waliiendesha hoteli kwa miaka mingi. Usiku wa tarehe 31 Desemba 1980, watu wakingojea mwaka mpya, bomu lililipuka humo. Zaidi ya watu kumi walikufa, na makumi wakajeruhiwa. Sehemu iliyobomoka ikajengwa upya.

Hivyo ndivyo jumba lilivyopita kutoka mkono hadi mkono. Majina ya matajiri wake yamehifadhiwa vizuri. Majina ya wengi walioanguka barabarani hayakuandikwa, na wazee waliowajua wamekwisha kufa. Hata hivyo barabara inayopita mbele ya hoteli ilipewa jina la Harry Thuku, na mgeni yeyote atakaye kufika Norfolk hana budi kulitaja.

Wanafunzi, kila mji una jumba la namna hii. Msiulize tu lilikuwa la nani. Ulizeni pia nani alipika, nani alifua, na nani alikuwa amesimama nje. Ulizeni mapema, wazee wangali hai.