Maji Yaliyonaswa Ndani ya Chumvi ya Uvinza

Bonge hili jeupe ni chumvi ya Uvinza, mahali ambapo Mto Ruchugi, unaoteremka kutoka nyanda za juu za Kasulu, hukutana na Malagarasi.

Kwa zaidi ya miaka 1,000 watu walichemsha maji ya chumvi ya chemchemi za Uvinza katika vyungu. Kiangazi Wavinza, Waha na wageni wa mbali walipiga kambi hapa, na watawala walitoza ushuru. Mpelelezi Mwingereza Richard Burton alipita hapa mwaka 1858.

Kuitambua chumvi hii ni rahisi: hupasuka kwa pembe mraba kama kijisanduku, na sarafu ya shaba huikwaruza. Ulimi humaliza ubishi.

Tazama ukungu ulio ndani. Fuwele ikikua haraka, kingo zake hutangulia na katikati hubaki vishimo. Maji ya chumvi hunaswa humo, pengine pamoja na kiputo cha hewa. Iliyokua polepole hutoka angavu. Kwingineko duniani, chumvi iliyofukiwa huyeyuka, tope likajaza nafasi yake, na ukabaki mchemraba wa udongo wenye umbo la chumvi isiyokuwapo tena.

Tafadhali usiiguse: jasho la vidole huiyeyusha.